Nne Haitangulii Sita

Akinyi mwanangu,

Salamu sikuandikii. Asubuhi tumekunywa chai pamoja, na sasa hivi uko saluni, hatua mia mbili kutoka mlango huu, wasichana wawili wanakuvuta kichwa kila mmoja upande wake. Umesema kazi itachukua saa nne. Basi nami nina saa nne, na ya kwanza nimeimaliza kwa kufagia chumba ambacho ulikuwa umeshakifagia.

Kuna jambo ninalotakiwa kukuambia kabla hujapanda basi kesho. Kaka yako Okoth analijua. Mama mkwe wangu, bibi yako Dani, analijua. Wewe peke yako hulijui, na jambo lenyewe ni lako. Okoth ameniambia wazi kwamba yeye hatakuambia, lakini pia hatakubali uvuke mpaka bila kuambiwa. Unamjua kaka yako, akikaza kamba haifunguki.

Nilidhani nitakwambia Jumanne, ulipokuwa ukikunja nguo kitandani. Nilikuwa nimekaa pale mkabala, sweta yako ya kijani mapajani mwangu, na sentensi ya kwanza tayari mdomoni. Ndipo ukacheka ukasema, "Mama, safari hii wamenichukua labda kwa sababu watu wamepungua. Ile mara ya kwanza waliona mimi si kitu." Nikainuka nikasema naenda kuangalia kuku. Kuku wenyewe tuliwauza Desemba. Ulinifuata kwa macho lakini hukuuliza, na mimi nilisimama nyuma ya nyumba nikiangalia banda tupu mpaka uliponiita nile.

Kwa hiyo naandika. Darasani nimesema na watoto arobaini na tano kila siku kwa miaka ishirini na sita, sijawahi kukosa sauti, lakini kwa hili ninaikosa. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, jua nimeinuka na kukaa mara nyingi.

Mambo ya chandarua, ya kutokunywa maji ya bomba, ya kanisa letu lililo karibu na chuo, yote umeshaambiwa na watu ambao wanapenda kuyasema kuliko mimi. Dani amekuambia mara tatu usikae kwenye zege baridi. Kiswahili chako watakicheka huko Dar es Salaam, waache wacheke. Sisi nyumba hii ni ya Kiswahili kwa sababu mimi ni Mkuria wa Kehancha, baba yako alikuwa Mjaluo wa Rangwe, na hakuna aliyekubali kushindwa. Tulikijenga wenyewe na kimetutosha.

Nianzie mbali kidogo. Usikasirike. Nikianza karibu nitakimbia tena.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mvua za masika ziliwahi. Baba yako alikuwa kazini Kisumu, mimi nilikuwa nimepewa kishamba kando ya boma la Dani, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Jumapili asubuhi niliona udongo umelowa vizuri, nikachukua jembe na mbegu, nikapanda mistari minane ya mahindi. Nilijisifu sana. Kwetu Kehancha mwanamke mwenye bidii husifiwa, na mimi nilitaka hawa Wajaluo wajue wameoa mtu.

Sikujua kwamba katika boma lile mbegu zina zamu. Dani ndiye alifungua msimu, yeye kwanza, kila mwaka. Akimaliza yeye, anapanda mke wa mwanawe mkubwa. Akimaliza huyo ndipo zamu yangu, mke wa mdogo. Mtu akiruka zamu, wanasema anaita chira, ule ugonjwa usio na dawa ya duka unaompata mtu wa nyumba kwa sababu ya kosa la mwingine. Dani alikuja akakuta mistari yangu. Hakupiga kelele. Alikaa pembeni ya shamba, akavua kandambili, akakaa tu. Mimi nilifikiri amekuja kunipongeza.

Tulifukua zile mbegu, nikangoja, nikapanda tena kwa zamu. Ningesahau yote hayo kama si kwamba mwezi wa tano mke wa shemeji yangu mkubwa mimba yake iliharibika. Hakuna aliyenitaja. Nataka nitende haki kwa watu wa baba yako, hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole. Lakini kwa miezi kadhaa nilipopika, watu walikuwa wameshashiba. Nilijifunza kuogopa bila kufundishwa. Na mtu mgeni akiogopa mila huwa anaishika kwa nguvu kuliko wenyeji, kama mtu asiyejua kupika anavyozidisha chumvi ili asilaumiwe kwamba hakutia.

Toka siku hiyo kila kitu kwangu kikawa foleni. Nikaingia darasani na ugonjwa huo. Unakumbuka orodha zangu kwenye mlango wa chumba cha walimu, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho? Watoto wawili wakipata alama sawa, walimu wengine waliandika nafasi ya saba mara mbili, wakaenda zao kunywa chai. Mimi sikuweza. Nilirudi kwenye karatasi zao, nikatafuta mwenye mwandiko safi, nikampa saba, mwenzake nikampa nane. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, huyu amenishinda wapi?" Nikamwambia akae chini.

Na nyumbani niliwabandika nyinyi wawili ukutani. Karatasi za matokeo za Okoth kushoto, zako kulia, muhula baada ya muhula. Yeye alikuwa anashuka na wewe unapanda, na kila mgeni aliyeingia alizisoma kabla hajaketi. Siku moja Okoth aliitengeneza pampu ya maji ya shule iliyowashinda mafundi wawili wa mjini, akarudi amejaa grisi na furaha. Nilimwambia anawe mikono aje tuone kwa nini amepata thelathini na nne katika jiografia. Hiyo sitaisahau. Alinawa. Hakuniletea tena habari ya kitu alichotengeneza.

Nimeinuka kuzima jiko. Sufuria haikuwa na kitu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo siwezi kusema kwamba sikufundishwa. Ulinifundisha wewe.

Ulikuwa mwaka wako wa mwisho katika chuo hapa Rongo. Ulikuja Jumapili moja umebeba daftari, ukanikuta nachambua mboga, ukachukua kipande cha makaa ukachora kwenye sakafu ya jikoni. Ningekufokea, lakini ulikuwa na macho ya mtu aliyeokota kitu. Ukasema, "Mama, chukua namba zote zinazoigawanya kumi na mbili. Sasa sahau ukubwa. Sema namba moja inatangulia nyingine kama tu inaigawanya." Ukaweka moja chini kabisa. Juu yake mbili na tatu. Juu ya hizo nne na sita, na kumi na mbili kileleni. Ukavuta mistari: mbili kwenda nne, mbili kwenda sita, tatu kwenda sita.

Ukaniuliza, kati ya nne na sita, ipi inatangulia?

Mimi mwalimu wa hesabu nikajibu haraka, nne. Ukatikisa kichwa. Nne haiigawanyi sita. Sita haiigawanyi nne. Hakuna iliyo mbele, hakuna iliyo nyuma, na pia haziko sawa. Nikasema basi lazima moja iwe ya kwanza. Ukacheka ukasema, "Nani amesema lazima?"

Kisha ukanionyesha tatu na nne. Kwenye mchoro tatu iko chini kidogo kuliko nne. Lakini hakuna mstari kati yao. Ukasema kuwa chini kwenye karatasi si kuwa chini ya mwenzako. Ni mahali tu mchoraji alipopata nafasi. Ukaniambia pia kwamba seti hii ni nzuri sana kwa sababu chukua namba zozote mbili, hata zile zisizolingana kwa lolote, utapata mahali pamoja pa karibu zinapokutana juu na mahali pamoja pa karibu zinapokutana chini. Nne na sita zinakutana juu kwenye kumi na mbili, na chini kwenye mbili. Hilo nilikuwa nikilifundisha watoto kila mwaka kwa jina jingine, kigawe kidogo na kigawo kikubwa, na sikuwahi kuona kwamba lina umbo.

Halafu ukasema neno ambalo nimelitafuna miaka hii yote. Ukasema mpangilio kama huu unaweza kuunyoosha ukawa foleni moja. Moja, mbili, tatu, nne, sita, kumi na mbili. Ni sawa, hakuna aliyeruka zamu. Lakini pia moja, tatu, mbili, sita, nne, kumi na mbili, nayo ni sawa. Ukahesabu ukapata njia tano za kunyoosha, zote halali. Ukasema, "Shida si kunyoosha, Mama. Shida ni mtu kusahau kwamba ni yeye amenyoosha." Nilikusifu, nikakuambia uoshe sakafu yangu. Uliosha huku ukiimba.

Utasema, Mama, hayo si hesabu tena, hayo ni mahubiri. Subiri. Mahubiri yangekuwa rahisi.

Mwaka ule ule baba yako alifariki. Huhitaji nikukumbushe. Ninachotaka ujue ni kwamba baada ya mazishi nilibaki mimi ndiye wa kulinda mpango wa nyumba, mimi mtu wa kuja, na nilihisi kila mtu anaangalia kama nitapanda kabla ya zamu. Hakuna aliyekuwa anaangalia. Watu walikuwa na mashamba yao.

Miezi sita baadaye shimo la dhahabu lilibomoka kule Masara alikokuwa akichimba, na Okoth akaletwa nyumbani na mguu uliovunjika mara mbili. Unakumbuka alivyolala kwenye kochi, uso ukutani, hasemi na mtu. Na wewe simu yako ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, ukawa unatumia namba yangu. Ulikuwa umeomba nafasi ya shahada ya pili huko Dar. Kila jioni uliniuliza kama kuna mtu amepiga.

Mtu alipiga, Akinyi.

Ilikuwa Jumatano, saa nne ya chai, niko chumba cha walimu. Mama mmoja mwenye sauti ya upole na Kiswahili kile cha kwao, akasema yeye ni profesa, na anamtafuta Akinyi. Akasema wameisoma kazi yako ya seti zenye mpangilio, yeye mwenyewe ameisoma mara mbili, na nafasi ni yako. Yako peke yako, ya kwanza kabisa kutolewa mwaka huo. Alitaka jibu kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nimesimama karibu na ule mlango wenye orodha zangu.

Nikamjibu, "Akinyi hataweza kuja. Ana mambo ya nyumbani."

Akaniuliza kama nina hakika, kama ningependa azungumze na wewe mwenyewe. Nikasema nina hakika. Akasema anasikitika sana. Nikamshukuru kwa adabu, nikakata simu, nikaingia darasani nikafundisha kipindi kizima cha vipeo bila kukosea hata mahali pamoja.

Nitakuambia nilichofikiri, si kwa kujitetea. Nilimwona Okoth kwenye kochi. Nilifikiri mkubwa amelala chini na mdogo anaondoka, na huko ni kuruka zamu, na nyumba hii imeshazika mmoja. Nilifikiri Okoth akipona, akisimama, akishika kitu chake, basi wewe utafuata, nafasi zitakuwepo tu. Nilikuwa na hakika kwamba ninalinda watoto wawili. Hata jina la kitendo changu sikulijua. Leo nalijua, nalo ni wizi.

Na jioni ile ulikuja jikoni ukaniuliza, "Mama, hakuna mtu alipiga?"

Nikasema, "Hakuna."

Neno moja. Simu ile ningeweza kuieleza kwa woga, kwa chira, kwa msiba, kwa ujinga wa mgeni. Lakini neno lile nililisema nikikuangalia, na mkono wangu ulikuwa unakoroga uji, na uji haukushika chini. Nilikuwa na siku mbili za kulirudisha. Alhamisi ilipita. Ijumaa ilipita. Jumamosi, siku yetu ya ibada, tulienda kanisani, ukaomba kwa sauti kwamba Mungu akupe moyo wa kupokea jibu lolote, na mimi nikasema amina.

Nimetoka hadi barabarani nikarudi. Bado hujamaliza. Nimeona viatu vyako nje ya saluni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka miwili na zaidi, kwa hiyo hata hiyo methali nimeishinda. Nimekuona ukiziweka zile daftari kwenye katoni na kuifunga kwa kamba. Nimekuona ukienda kufundisha katika ile shule ya kibinafsi Rangwe, ukirudi Ijumaa umechoka na chaki kwenye nyusi. Siku moja tuko soko la Rangwe, mama wa mwanafunzi wako akakusifu kwamba wewe ni kichwa cha hesabu, nawe ukamjibu, "Hapana, mimi si mtu wa hesabu hivyo, nafundisha tu." Ulisema kwa unyenyekevu na tabasamu, na yule mama akakupenda zaidi. Mimi nilikuwa nashika nyanya. Nilijua mimi ndiye nimeliweka lile neno mdomoni mwako, kwa kutokukuambia neno jingine.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikwenda kwa Dani kuchambua mbegu. Tulikuwa wawili tu, na ungo katikati. Alikuwa anaguna juu ya goti lake, halafu akaniuliza kwa nini yule Akinyi siku hizi hachekeshi watu. Mficha uchi hazai, Akinyi, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka nimekonda. Nikamwambia yote. Nilimweleza kwa lugha ya mila, nikidhani ataelewa: kwamba mkubwa alikuwa hajainuka, kwamba nisingeweza kumruhusu mdogo atangulie, kwamba nilikumbuka ile mistari minane ya mahindi.

Dani aliacha kuchambua. Akaniangalia muda mrefu, jinsi alivyokaa na kuniangalia mwaka ule pembeni ya shamba.

"Gati, nani alikuambia hao watoto wamepangwa laini moja? Kwa kujenga, kijana anangojea kaka yake. Kwa kuolewa, msichana anangojea dada yake. Msichana na kijana wanangojeana wapi? Na hii masomo umetoa wapi ukaiweka hapo ndani?"

Nikasema nilidhani ndivyo ilivyo.

"Sisi tulikufundisha kupanda," akasema. "Hiyo ingine ulijiwekea."

Nilicheka, nakuambia kweli, nilicheka mpaka ungo ukamwagika, na ndani ya kicheko nikaanza kulia, na Dani akaokota mbegu peke yake bila kunibembeleza na bila kunifukuza. Mimi mtu wa hesabu. Mwanamke ambaye hajamaliza darasa la tatu alikuwa na mpangilio kamili kichwani mwake, anajua wapi kuna mstari na wapi hakuna, na mimi nilikuwa nimechukua mchoro wake nikaunyoosha kwa nguvu, kisha nikauita mila. Ulinionya kwenye sakafu yangu mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilipanda hadi Masara kumwambia Okoth. Nilimkuta kwenye karakana yake ya mashine za kusagia mawe. Hashuki tena shimoni, unajua, lakini hakuna injini pale isiyopita mikononi mwake. Wenye mashine walikuwa wamekaa kwenye magogo wanamngoja, wazee wenye vitambi wanamwita fundi kwa heshima. Niliona ajabu kwamba sikuwahi kufika pale. Nilimwambia amesimama, spana mkononi. Nilitarajia angalau aone kwamba nilifanya kwa ajili yake.

Hakuona hivyo. Alisema, "Kwa hivyo, Mama, mimi ndiyo ulitumia kama kufuli?"

Nilisema yeye ni mkubwa, na ni haki yake kutangulia.

"Mimi siko mbele ya Akinyi," akasema. "Na siko nyuma. Mimi niko kando tu. Hiyo ndiyo kitu nimekuwa nikikuambia tangu nikiwa mdogo."

Hakuwahi kuniambia hata mara moja. Au aliniambia na grisi mikononi na mimi nikamtuma akanawe.

Basi sasa unajua kwa nini kaka yako, ambaye hapendi karatasi, alikuja mwezi wa nne akakuburuta hadi saiba, kwenye kompyuta za kukodi, akakaa nawe mpaka ukajaza fomu zote upya. Ulishangaa. Ulisema labda amepata mchumba aliyesoma. Siku hiyo alinipigia akasema amefanya sehemu yake, iliyobaki ni yangu, na ni lazima iwe kabla hujaondoka. Nimekuwa na miezi mitano. Nimeitumia kushona vitambaa vya meza.

Sitaki kukupa mawaidha. Mtu aliyefanya niliyofanya hana mimbari ya kuhubiria. Ninayo makosa tu, na hayo nakupa uyatumie utakavyo. Moja ninaweza kulisema vizuri zaidi kwa sababu nimelala nalo muda mrefu: kila nilipokosea vibaya, sikuwa nimevunja mpango wowote. Nilikuwa nimeongeza mstari mahali ambapo hapakuwa na mstari, kisha nikautii kuliko ile iliyokuwepo kweli. Watoto wa saba na wa nane. Kushoto na kulia mwa ukuta. Wewe na Okoth. Woga unapenda sana kuchora mistari, na unaichora kwa rula, inanyooka kuliko ya kweli.

Na jambo jingine, ambalo huenda unalijua kuliko mimi. Nimewahi kujifariji kwamba labda ilikuwa heri, kwamba miaka hii miwili imekukomaza, kwamba kama ungeondoka usingekuwa karibu na Dani alipougua. Kuna watu watakuambia hivyo, hata wa kanisani, watasema Mungu ana wakati wake. Usikubali. Mungu alikuwa na wakati wake, na ulikuwa Jumatano, saa nne ya chai. Aliyeuchukua ni mimi. Usije ukanigeuzia kosa langu likawa baraka ili nipate usingizi. Nakuomba hilo kwa sababu nakujua, una moyo wa kufanya hivyo.

Sijui utanifanya nini baada ya kusoma. Nimejaribu kukisia tangu asubuhi, na kila ninachokisia kinanihusu mimi: kama utalia, kama utanitukana, kama utaondoka bila kuniaga, kama utakuja Desemba. Hapo nimejiona tena. Hata sasa nimejiweka mwanzo wa mstari. Ukichagua kukasirika mwaka mzima, kasirika. Nisamehe au usinisamehe, hayo ni yako, na safari yako haingojei kimoja wala kingine.

Ila hili moja ni lazima ulibebe, hata kama karatasi hizi utazichoma. Yule profesa, ambaye sasa utakuwa mwanafunzi wake, hakukukataa. Jina lako lilikuwa la kwanza kabla hujajua kwamba limeitwa. Usiingie ofisini kwake Jumatatu ijayo kama mtu aliyepata nafasi kwa sababu wengine walipungua. Mwambie wewe ndiye yule yule. Mwambie mama yako alidanganya. Simulia kwa jina langu, sitaona aibu zaidi ya niliyo nayo.

Nasikia sauti yako barabarani, unaagana na wale wasichana. Nilikuwa nimefikiria kukuachia barua hii mahali utakapoikuta ukiwa umeshafika mbali, na nimeona huo ungekuwa uongo wa pili, wa kukunyima nafasi ya kuniuliza uso kwa uso. Nitakupa mlangoni, kabla hujavua viatu. Ukivua viatu nitakuwekea chai, na nikikuwekea chai nitaanza kusifu nywele.

Simama hapo hapo usome. Wewe hukukataliwa, Akinyi. Ulichaguliwa mara mbili, na mara ya kwanza mimi ndiye niliyepokea simu.

Mama yako,
Gati